Jiwe la Watu Wawili

Jiwe lilipasuka siku ya msiba, na hakuna aliyesikia.

Watu walikuwa wengi. Uani palijaa viti vya kukodi, na wapishi walikuwa na sufuria kubwa kuliko mafiga yao. Figa moja lilikosekana. Mtu akaingia karakana, akaona jiwe jeusi, refu, limelala juu ya meza ya kazi. Likabebwa, likasimamishwa ubavu, likategemezwa matofali, sufuria ikakaa. Moto uliwaka kutwa. Jiwe la kugongea ngozi halikuumbiwa moto. Lilipasuka katikati ya kilio, na kilio kikalifunika.

Mzee Ngozi aliligundua watu walipokwisha kuondoka. Alitoka uani kumwaga maji, akalikuta kwenye majivu, vipande vipande. Alisimama. Akamwaga maji yake. Akarudi ndani.

Jina la Mzee Ngozi alipewa na mtaa kabla hajawa mzee. Kazi yake mikanda, mikoba, ala za visu, viatu vya kushona kwa mkono, na hatamu za farasi kwa mwenye farasi, ambaye hajatokea mpaka leo. Karakana ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Mlango mmoja, dirisha moja lenye nondo, na harufu ya nta na gundi. Hata mkate ukiingia mle ulitoka unanuka gundi.

Katikati ya chumba palikuwa na meza ndefu ya mbao nene. Upande wa dirisha alikaa mkewe, upande wa ukuta alikaa yeye. Jiwe lilikuwa kati yao, na kila mmoja alikuwa na mwisho wake. Yeye alikata, akapara kingo, akagonga. Mkewe alishona. Ngozi ikishonwa huvimba kwenye mshono, lazima ilazwe kwa nyundo, na mkewe hakutaka mtu amlazie mshono wake.

"Wewe unagonga kama unafukuza mwizi," alimwambia. "Toa mkono wako hapo."

Basi alikuwa na nyundo yake ndogo. Kutwa ilikuwa hivyo: nyundo kubwa huku, nyundo ndogo kule, maneno haba. Wateja wapya walidhani wamegombana. Hawakugombana. Walikuwa kazini.

Kisha tumbo la mkewe likaanza kuuma. Wakasema vidonda. Baadaye hawakusema vidonda tena, na daktari akawa anazungumza na binti badala ya mgonjwa. Mwisho alilala kwenye wodi yenye madirisha ya juu, macho yamefumbwa, mikono yake ikitembea juu ya shuka, mmoja unavuta huku, mwingine unavuta kule. Muuguzi alisema anahangaika. Mzee alijua anashona. Alikaa pale mpaka mikono ilipotulia.

Hayo ndiyo yaliyokuwa.

Msiba ulipokwisha, binti yao alibaki siku chache. Ndiye mtoto wao pekee, ameolewa mji mwingine. Ana mkono mwepesi wa kupanga mambo, kama mama yake. Alifua mapazia, akasugua masufuria, akagawa nguo za marehemu. Alipoingia karakana alimkuta baba yake amekaa mahali pake, mikono juu ya mapaja. Mezani hapakuwa na kitu. Palikuwa na alama tu, ndefu, yenye rangi ya mbao mpya, pale jiwe lilipolala miaka yote.

"Baba, twende kwangu."

"Nina kazi."

"Kazi gani? Tangu tuzike sijasikia nyundo."

"Jiwe limepasuka."

"Basi si ndiyo hiyo. Twende."

"Nitatafuta jingine."

Binti alivuta kigoda cha mama yake akataka kukikalia. Akabaki amesimama.

"Hapa utakaa unatazama ukuta mpaka ukuta ukutazame wewe. Halafu siku moja nipigiwe simu na majirani. Kwangu kuna chumba. Kuna wajukuu, watakusumbua."

Mzee alimtazama. Alijua anasema kweli, na ukweli wa mtoto haujibiwi kwa kelele.

"Sikiliza, mama. Jumapili ya mwisho wa mwezi njoo na gari. Ukinikuta nagonga, niache. Ukinikuta nimekaa, nibebe."

"Kweli, Baba?"

"Mimi na wewe tumedanganyana lini?"

"Uliniambia yule paka wetu amesafiri."

"Alisafiri."

Binti akacheka huku analia, akaenda zake.

Kesho yake Mzee Ngozi alikata ugwe mwembamba wa ngozi, urefu wa ile alama mezani. Kusoma futi hakujua. Vitu vyake vyote alipima kwa ngozi na vidole, na hakuna mkanda wake uliowahi kurudishwa. Akaukunja ugwe, akautia mfukoni pamoja na kipande cha ngozi chakavu, akachukua nyundo, akatoka.

Ubavuni mwa nyumba yake kuna kibanda cha fundi wa saa. Mtu mfupi, mdomo mrefu, kioo cha kukuzia kimebana jicho moja kutwa. Mtaani ni Fundi Saa tu.

"Unakwenda wapi na nyundo asubuhi yote hii? Nani kakuudhi?"

"Jiwe."

"Jiwe linafuatwa? Mawe si hayo yamejaa njiani, ukitembea bila kutazama yanakutafuta yenyewe."

"La njiani halina uso."

Fundi Saa alijua. Miaka waliyokaa ukuta kwa ukuta alikwisha kuambiwa. Jiwe la ngozi linataka uso tambarare kama maji kwenye beseni, ili kisu cha kupara kiteleze kisikwame. Linataka uzito. Mbao hurudisha nyundo, jiwe huimeza. Ukigonga kutwa kwenye mbao, jioni maumivu ya bega ni yako, ngozi bado ni mbichi.

Mtu huyu hakuwahi kufunga kibanda mchana. Siku ile alifunga.

"Umekuwaje?" Mzee akamuuliza.

"Saa za watu zitangoja. Zenyewe hazitembei."

Walianzia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mawe yalikuwa yamesimamishwa kwenye fremu za mbao, meusi, ya kijivu, yanang'aa mpaka unaona meno yako. Mzee alipitisha kiganja. Akauliza bei. Muuzaji akaitaja. Mzee akauliza tena, labda hakusikia vizuri. Alikuwa amesikia vizuri.

"Kwa bei hiyo linajigonga lenyewe?" Fundi Saa akauliza, na muuzaji akawaonyesha mlango.

Baadaye wakasikia kuna jumba la zamani linabomolewa, ngazi zake za mawe zinauzwa kama kifusi. Wakaenda. Jiwe lilikuwa zuri, urefu ulifika, bei ya kutupa. Mzee akalaza makali ya kisu juu yake, akainama kutazama kwa pembeni. Mwanga ulipita katikati kama chini ya mlango. Miguu ya watu ilikuwa imelila, imelifanya bakuli.

"Hili limekwisha kufanya kazi," akasema. "Liacheni lipumzike."

Wiki zikaanza kuliwa. Alikwenda mahali pengi, mara na Fundi Saa, mara peke yake. Alipima sakafu iliyong'olewa, ikamomonyoka kama sukari guru. Alipima bamba la zege, likatoa vumbi kila likigongwa. Jioni alirudi, akala kilichokuwapo, akakaa mahali pake kwenye meza. Wateja wakija aliwaambia bado. Mmoja alikuja kuchukua mkoba wake ulivyo, haujakwisha, akaubeba kama mtu abebavyo mtoto wa jirani aliyeanguka.

Usiku alilala upande wake wa kitanda. Ule mwingine hakuugusa.

Jumamosi, siku moja kabla ya binti kuja, Fundi Saa alimgongea mlango.

"Kuna mtu anaitwa Vumbi. Anakata mawe ya majiko ya matajiri. Twende, na kama huko hakuna, mimi mwenyewe nitakufungia mizigo."

Karakana ya Vumbi ilisikika kabla ya kuonekana. Msumeno wa mviringo ulilia juu ya jiwe, maji yakichuruzika juu yake, sakafu yote tope jeupe. Mwenyewe alikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka kandambili. Kope zilikuwa na unga. Alipozima msumeno na kucheka, mdomo ulionekana mwekundu peke yake.

"Shikamoo wazee. Jiko au bafu?"

"Marahaba," Mzee akajibu. "Ngozi."

Ikabidi Fundi Saa aeleze. Vumbi akasikiliza, akajifuta mikono kwenye suruali, mikono ikazidi kuwa myeupe.

"Rahisi na refu, ninalo hili moja." Akawaonyesha marumaru, nyeupe, ndefu kuliko hata ugwe. "Mwenyewe alilikataa, lina doa. Nitakupa kwa maneno ya shukrani na kidogo juu yake."

Mzee alitoa kipande chake cha ngozi, akakiweka ukingoni, akagonga. Akainua ngozi. Chini yake marumaru ilikuwa imebaki na alama nyeupe, kama ukucha uliobanwa na mlango.

"Laini," akasema. "Hili ni la kutazamwa."

"Mzee unajua mawe?"

"Sijui. Najua nyundo."

Vumbi alikuna kichwa, unga ukadondoka. Kisha akawapeleka nyuma. Pale ukutani paliegemezwa mawe madogo mengi, meusi, ya kijivu, yenye madoa ya kahawia, yote mstatili, pembe zimezungushwa, ukubwa wa sinia la chai.

"Haya ni matumbo," Vumbi akasema. "Kila jiko lina sinki. Kila sinki lina tundu. Na ninachokitoa kwenye tundu lazima nikitupe mahali. Granaiti tupu hiyo, baba, ile ile ya matajiri. Nje wanakuuzia kwa roho yako, hapa unanipunguzia takataka."

Mzee aliinama. Akagonga moja. Nyundo haikuruka. Ilikaa. Akagonga tena, akatega sikio, akapitisha kiganja. Fundi Saa akaona bega lake limeshuka kidogo, kama la mtu aliyetua ndoo.

Kisha Mzee akatoa ugwe mfukoni, akaunyoosha juu ya jiwe. Jiwe likaishia katikati. Nusu ya ugwe ikaning'inia nje.

Akapima la pili. Akapima la tatu. Akaanza kuukunja ugwe.

"Fupi."

"Fupi?" Vumbi akashangaa. "Hapa unagonga mkanda, unageuza, unagonga. Kwani meza yako mnakaa wangapi?"

"Wawili."

Fundi Saa akatazama chini, akaanza kukwangua tope kwenye kiatu chake.

"Sasa si useme!" Vumbi alifurahi. "Mnapata shida ya nini? Chukua mawili. Yametoka jiko moja, ni ndugu. Moja lako, moja lake. Hamtagombania nafasi." Na kabla hajajibiwa akavuta mpira wa maji, akayaegemeza mawe mawili sambamba, akayaosha. Unga ukateremka, weusi ukatokea. Mawe yakakaa pale yanang'aa, yamelowa, moja ubavuni mwa jingine.

Mzee aliyatazama. Maji yalichuruzika yakaisha. Msumeno ulikuwa kimya. Vumbi, ingawa hakujua jambo, akashusha mpira.

"Moja," Mzee akasema.

"Si umesema wawili?"

"Nilikosea."

Vumbi akamtazama Fundi Saa. Fundi Saa akatikisa kichwa kidogo, basi, usiulize. Vumbi akalichukua jiwe moja akalirudisha ukutani, taratibu, asilibamize.

Wakati wa kuondoka Vumbi hakutaka malipo. Mzee akamwambia mkono mtupu haulambwi, akamvua mkanda uliokuwa umechoka kiunoni mwake, akalitazama shimo lililotumika, akasema ataletewa mwingine. Vumbi akabaki ameshika suruali yake kwa mkono mmoja.

"Libebeni kwa ubavu, kama kioo," akawapigia kelele nyuma yao. "Ukililaza njiani, linajivunja kwa uzito wake lenyewe!"

Walikuwa na baiskeli ya Fundi Saa. Mzee alilifunga jiwe kwenye kiti cha nyuma kwa ule ugwe wa kupimia, akauzungusha mpaka ukaisha. Mmoja alisukuma, mwingine alishika. Walitembea kitambo.

"Ni mimi," Fundi Saa akasema.

"Nini?"

"Niliyelitoa lile jiwe. Wapishi walikuwa wanapiga makelele, sufuria inayumba, watu wana njaa. Nikasema najua pa kupata."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Nani mwingine angelipata gizani, dirisha limefungwa, bila kujikwaa kwenye kigoda?"

Fundi Saa akasukuma. Pua ilikuwa inamtoka maji.

"Watu walishiba?" Mzee akauliza.

"Walishiba. Wengine walibeba."

"Basi. Wangeondoka na njaa, marehemu angefufuka akatuchapa wote wawili. Shika vizuri, linalala."

Nyumbani alitandika vipande vya blanketi mezani, akaweka jiwe juu. Alilianzia katikati ya ile alama ndefu. Lilionekana kama mtoto kwenye kitanda cha wakubwa. Kutoka mahali pake mkono haukulifika sawasawa. Akalisogeza upande wake. Mkono ukafika, lakini sasa upande wa dirisha ulibaki wazi wote, alama tupu, na kigoda. Alichukua nyundo. Akaiweka. Akaichukua tena. Kila alipoinua macho, upande ule ulikuwa pale.

Fundi Saa aliona ni vizuri kwenda zake.

Asubuhi ya Jumapili gari la mkwe lilipoegeshwa, binti alishuka haraka haraka, ameshika mkoba mtupu wa kutilia nguo za baba yake. Alisimama mlangoni. Baba yake hakuwa amekaa, wala hakuwa anagonga. Alikuwa amepiga goti moja juu ya meza, msumeno wa kuazima mkononi, anaikata meza katikati. Jasho linamtiririka. Unga wa mbao umejaa kwenye nyusi.

Binti akaweka mkoba chini.

"Umekubali, Baba? Unafunga?"

"Sifungi," akasema, bila kuacha kukata. "Nafupisha."

"Unafupisha nini?"

Kulikuwa kumebaki kidogo. Akavuta msumeno mara ya mwisho, mbao ikalia, na meza ikawa mbili.

Na zote mbili zikaanguka.

Mzee wa watu aliporomoka na nusu yake, akatua makalio chini, msumeno umerukia kule. Kila nusu ilikuwa na miguu miwili. Mtu aliyekata ngozi maisha yake yote hakuliwaza hilo. Ngozi haina miguu.

Binti alikimbia kumshika. Alipoona hajaumia, akaitazama ile meza, akamtazama baba yake na unga kwenye nyusi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha kicheko kikamgeukia kilio, na hakikurudi.

Mzee alikaa pale chini. Alimngoja amalize.

"Nishikie," akamwambia.

Wakainua nusu yake, wakaisukuma ubavu kwenye ukuta wa pembeni. Binti akashikilia kwa bega, na yeye akapigilia misumari mirefu kupitia ubao wa ubavuni mpaka ndani ya ukuta. Akalitandika blanketi, akalipandisha jiwe. Sasa liliijaza meza. Hapakuwa na nafasi ya kitu kingine.

Ile nusu ya dirishani ilibaki imelala kifudifudi. Ukingo wake ulikuwa na mikwaruzo midogo midogo, pale mama alipokuwa akijaribia sindano kila akitia uzi mpya.

"Hii?" binti akauliza.

"Kuni."

"Nipe mimi."

"Ina miguu miwili."

"Nipe hivyo hivyo."

Mkwe hakuuliza. Walifungua mlango wa nyuma wa gari, wakashusha kiti, wakaisukuma ndani. Haikuingia yote. Mguu mmoja wa meza ulitokeza dirishani, wakaufunga kitambaa chekundu usije ukamtoa mtu jicho barabarani. Ule mkoba mtupu aliutupia juu yake.

"Baba," binti akasema. "Sikukukuta unagonga."

"Hukunikuta nimekaa."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana."

Walitazamana. Macho ya binti yalikuwa yamevimba.

"Basi nitakaa garini," akasema. "Nikisikia nyundo, nitaondoka. Nisiposikia nitarudi, na sitaki maneno."

Mzee aliingia ndani. Alikaa mahali pake. Mbele yake jiwe, na baada ya jiwe hakuna meza, sakafu tu, na dirisha lenye nondo. Ngozi zilikuwa rafuni nyuma yake. Hakuzifuata. Alitega sikio. Injini haikuwashwa. Alijua yuko kule nje, ameshusha kioo.

Akainua nyundo, akagonga.

Hapakuwa na ngozi juu ya jiwe. Fundi wa ngozi hagongi jiwe tupu, hata mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza. Chuma kilikutana na granaiti, cheche ikaruka, mlio ukaingia kwenye meno. Akagonga tena. Akagonga kama mtu mwenye kazi nyingi, mwenye wateja mlangoni, kwa mpigo wa zamani, na kila baada ya pigo akaacha nafasi ya nyundo ya pili. Hakujua kama anaiacha.

Nje injini iliwaka. Gari lilisogea, likasimama, likasogea tena. Akazidi kugonga mpaka sauti ya gari ikapotea kwenye kona, na akaendelea kidogo baada ya hapo, asije akawa amesahau kitu anarudi.

Kisha akageuza nyundo akautazama uso wake. Ulikuwa umeharibika, umetafunika ukingoni. Kutwa nzima ataupiga tupa kabla haujafaa kugusa ngozi.

Akaitafuta tupa.